Kabureta ya Baba Iko Usinge

Tangu nirudi, kila mtu pale kikundini ana swali lilelile: "Kalunde, gari vipi?" Nikianza kujibu, Mama Rehema ananikatiza anataka kujua tulikula nini. Nikifika kwenye chakula, mwingine anauliza kama ni kweli nililala chumba kimoja na fundi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Haya, nimeandika, mpokezane msome, na sikulala chumba kimoja na fundi.

Kwa wasiojua mwanzo wake: marehemu baba yangu alikuwa fundi magari kule Urambo, kwa mkulima wa tumbaku aliyetoka Ulaya. Yule mkulima alipoondoka zake alimwachia Baba gari lake la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili, fupi kwenda chini kiasi kwamba kuku akikatiza mbele mnatazamana machoni. Baba akalipeleka nyumbani kwetu Kanyenye, Tabora mjini, na mimi nikajifunzia kuendesha humo. Miaka mitano iliyopita, siku chache kabla hajafariki, alisema mbele ya ndugu wote kwamba gari ni langu na nyumba ni ya kaka yangu Masanja. Mimi nikarudi kwenye cherehani zangu Morogoro, nikaliacha limesimama palepale uani.

Sasa mwaka huu Masanja akapiga simu. Anataka kujenga vyumba pale gari lilipo, na watu wa skrepa, wale wa vyuma chakavu, wanakuja kulichukua Jumamosi. "Kalunde, hilo si gari tena," akasema. "Kuku wanataga mle." Nilimsihi anipe nafasi nije na fundi wangu. Tukabishana, tukanuniana, mwisho tukapatana hivi: Jumamosi likiwaka, linabaki na mimi nalitengeneza. Lisipowaka, napakia mwenyewe kwenye lori na simlaumu mtu. Nami nililitaka lile gari, nawaambia ukweli, msidhani nilikwenda kupima faida na hasara kwa akili iliyotulia.

Morogoro hadi Dodoma

Fundi Kibwana mnamjua, yule anayetengeneza magari nyuma ya soko. Ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, yaani ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na pembe za ndovu vichwani na kupita mbele ya nyumba za babu zake. Utani huo hauna likizo. Alinianza pale pale stesheni, akaniuliza kwa nini sijajitwika begi lake.

Treni ya umeme ina kasi ya kukera. Hata mzozo wetu wa kwanza haukupata muda wa kuisha. Nilimuuliza, kwa uzoefu wake, kama kulifufua gari kuukuu kuna maana yoyote.

"Mtani," akasema, "gari kuukuu ni sawa na mume mlevi. Unajua kabisa halikufai, ila kila ukilitazama unakumbuka harusi."

"Kwa hiyo umeshaamua kuwa halifai."

"Nitasema nitakachokikuta. Ukinilisha vizuri nitasema taratibu."

Nilimpa maandazi yote niliyobeba, akayala, akalala. Dodoma ilibidi nimvute mkono ndipo ashuke.

Dodoma hadi Tabora

Basi letu lilikwenda vizuri hadi tulipopita Itigi. Katikati ya vichaka vile tairi la nyuma likapasuka, na dereva alipofungua buti akakuta kila kitu isipokuwa jeki. Kulikuwa na gunia la mkaa, godoro, na jogoo aliyefungwa miguu. Jeki haikuwepo.

Fundi Kibwana hawezi kuona gari limelala akatulia. Alivua shati, akawapanga wanaume wakakusanya mawe na gogo moja, na kwa maneno mengi na jasho zaidi wakaliinua lile basi. Ilichukua saa tatu. Sisi wanawake tulikaa upande wa kivuli na dada mmoja aliyekuwa anauza kuku wa kuchemsha na asali kwenye chupa za maji. Kuku alikuwa mgumu, wa kupigana naye, lakini mchuzi wake wa ndimu na chumvi sijauonja tena mahali popote. Nilikula mapaja mawili na sioni aibu.

Nilipolalamika juu ya muda, fundi akainua kichwa toka chini ya basi. "Babu zako walitembea njia hii hii miezi mitatu kwa miguu, na mzigo kichwani. Wewe saa tatu tu, tena umeshika paja la kuku."

"Babu zangu walikuwa wanafanya biashara," nikamjibu. "Babu zako walikuwa wamekaa barazani wanawauzia maji ya kisima."

Basi zima likacheka, na mzee mmoja Mnyamwezi akanipa mkono. Tukaingia Tabora jioni, tumejaa vumbi hadi masikioni.

Kanyenye

Asubuhi ya Jumatano tulitoka nje, uani. Masanja alishasimama pale, amekunja mikono. Nilipoliona gari moyo uliniuma. Wekundu umegeuka rangi ya matofali, kioo kimoja hakipo, na kwenye kiti changu kulikuwa na kuku ametamia.

Fundi alilizunguka mara mbili, akainama kulitazama chini. Aligonga bodi kwa kidole. Alipogonga sakafu, ngumi ikapita ikatokea upande wa pili. Masanja akakohoa kwa raha. Kisha fundi akafungua boneti, akaweka spana mahali fulani, akavuta, na injini ikazunguka. Akavuta tena, ikazunguka tena. Akainuka akanitazama.

"Sakafu imekufa," akasema. "Injini haijafa. Ila haina kabureta, hakuna cha kuipa petroli."

"Wezi," Masanja akasema. "Iliibwa wiki ile ile ya msiba. Na nawajua walioiba, ni wale wapangaji wa nyumba ya pili. Mpaka leo hatusalimiani."

"Mwizi hafanyi hivi," fundi akasema. Akatuonyesha. Pale kabureta ilipokuwa palifunikwa kwa kitambaa safi cha kanga, kikafungwa kwa kamba mafundo matatu, na nati zote zilirudishwa mahali pake. "Huyu alikuwa anaitunza injini isiingie vumbi. Mwizi gani ana huruma hivyo?"

Alisema pia kwamba kuipata kabureta nyingine ya gari la aina ile ni kuagiza na kusubiri miezi. Mimi nilikuwa na siku tatu. Nilikaa kwenye ndoo.

Mama alikuwa kibarazani anachambua kunde. Ana miaka themanini na kitu na masikio yake ni mazima kuliko yangu. "Hiyo mnayoitafuta," akasema, "si alichukua Ndahani."

Masanja akageuka. "Ndahani nani?"

"Mtani wa baba yenu. Yule Mgogo wa Usinge. Siku ya mazishi alifungua lile gari, akatoa chuma, akasema marehemu asije akapata wazo la kutoroka nalo. Akasema mwende mkagomboe."

"Mama, miaka mitano! Mbona hukusema?"

"Mliniuliza?"

Kwa msomaji wa pwani au wa ng'ambo: kwetu mtani ndiye mwenye msiba wa vichekesho. Wafiwa wanalia, yeye anawachekesha, anamwigiza marehemu, na ana haki ya kubeba kitu cha marehemu mpaka wafiwa wamfuate wakakigomboe, kwa kuku, kwa pombe, kwa chochote atakachotaka. Siku ile mimi nilikuwa nimezimia kwa kilio na Masanja alikuwa anahangaika na jeneza. Kati yetu hakuna aliyemsikia Ndahani isipokuwa Mama. Masanja alitazama ukuta wa wapangaji wa nyumba ya pili, akaingia ndani bila kuaga.

Tabora hadi Kaliua

Alhamisi tulipanda basi la Kaliua. Mama alinipa jogoo wa kugomboa na furushi la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo fundi alisema vinafaa kuziba sakafu ya gari. Alivila lakini, tena vyote.

Nilikaa na mama mmoja wa Ulyankulu, mkulima wa maharage, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Aliniuliza jogoo anakwenda wapi, nikajikuta nimemsimulia yote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Viti viwili tu? Sasa watoto unaweka wapi? Na magunia?" Niliwaza swali lake hadi Urambo, maana lilikuwa swali la haki.

Urambo ndipo tulipokwama. Basi liliacha barabara, likasimama mbele ya nyumba moja yenye ua wa mabati, na dereva akazima injini. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Abiria wakaanza kupiga kelele apige honi tuondoke.

"Siwezi," dereva akasema kwa sauti ya chini. "Ni kwa mama mkwe wangu. Ana karanga za kupeleka Kaliua, anafunga magunia."

Hapo basi zima likanyamaza. Nani atakupa ushauri wa kumpigia mkwe honi? Tulikaa saa nzima na nusu kwa heshima ya mama wa watu, hata watoto waliambiwa wasilie kwa nguvu. Alipotoka na magunia yake alitusalimia vizuri, akamgawia kila abiria karanga za kukaanga kiganja kimoja. Dereva alizipokea kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo, na usukani akaushika tena akitabasamu hadi tunafika.

Kaliua, dada wa gesti alitutazama mimi, fundi na jogoo, akatupa ufunguo mmoja. Nikamwambia vyumba viwili. Akamtazama fundi kwa huruma akasema, "Baba, ukiomba msamaha atakusamehe." Fundi akajibu ameomba tangu Morogoro. Nililipia vyumba viwili, na jogoo alilala kwangu.

Kaliua hadi Usinge

Ijumaa asubuhi tulichukua bodaboda mbili. Njia ni ya mchanga na miombo, na tulianguka mara moja tu, taratibu, jogoo akiwa juu. Tulifika Usinge saa nne, tukauliza Mzee Ndahani anakaa wapi.

Hakuna aliyemjua. Mwenye duka hamjui. Mama wa chapati hamjui. Mzee mmoja akasema alihama, mwingine akasema alikufa, wa tatu akatuelekeza njia iliyotupeleka kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe na hakuna nyumba. Ilipofika saa sita ndipo fundi alipong'amua.

"Wametuona na begi la spana na makaratasi," akasema. "Wanadhani tumetoka mjini kuja kuwaondoa ng'ombe wao kwenye hifadhi ya msitu. Hapa hata ukimuulizia padri watakwambia hawamjui."

Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni binti wa rafiki yake. Wakatikisa vichwa kwa adabu, wakaniongezea chai. Ningefanyaje? Jumamosi ilikuwa kesho. Nikasimama katikati ya kile kibanda cha chai, nikapaza sauti.

"Basi mkimwona yule Mgogo mwambieni hivi. Mwambieni Mnyamwezi kaja. Mwambieni marehemu anauliza ni Mgogo gani huyo anayeshindwa kuomba chakula kama wenzake mpaka aombe vyuma. Siku akifika mbinguni atamwomba malaika chai, akipewa ataomba na kikombe."

Watu walishangaa. Kisha nyuma ya pazia la kile kile kibanda sauti ya kikohozi ikasema, "Nyie wabeba mizigo, nani kawaruhusu kusimama wima?"

Akatoka mzee mrefu, mwembamba, mgolole begani, anacheka hadi fimbo inatetemeka. Alikuwa amekaa mle ndani muda wote anatusikiliza. Angeweza kuvumilia kila kitu, hilo la kikombe lilimshinda.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nimewangoja miaka mitano. Nilisema watoto wa yule mzee hawana adabu, wameuacha mzigo wa baba yao kwangu."

Nilimweleza kila kitu, pamoja na wale majirani waliosingiziwa. Alicheka kwanza, halafu akasikitika, akanipeleka kwake. Kutoka juu ya dari, katikati ya mizinga ya nyuki, alishusha kifurushi cha ngozi ya mbuzi. Ndani yake ilikuwamo kabureta ya Baba, imepakwa nta ya nyuki kila pembe, haina kutu hata chembe. Fundi Kibwana aliipokea, akaigeuzageuza, akapuliza matundu yake moja moja.

Nikamtoa jogoo. Ndahani akamtazama, akamrudisha mikononi mwangu.

"Kuku ninao," akasema. "Miaka arobaini baba yako ananiona barabarani na lile gari, anapunguza mwendo, anafungua kioo, anasema, 'Ndahani, ningekupa lifti ila utaniachia harufu ya ng'ombe.' Halafu anaondoka. Miaka arobaini. Mimi nataka kukaa kwenye kile kiti, mnipeleke mpaka kaburini kwake, nikamtukane vizuri. Hiyo ndiyo ya kuigombolea."

"Na lisipowaka?"

"Basi mtanidai mimi kabureta mpaka siku ya kiyama."

Akaifunga ile kabureta kwenye mgolole wake na akakataa mtu mwingine kuigusa. Tuliondoka naye.

Kurudi Kanyenye

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa uani, na lori la skrepa lilishafika. Wanaume wanne walikuwa wamekaa juu yake wanakunywa soda, wanangoja. Fundi alikata gasketi ya kuzibia kutoka boksi la sabuni, akaifunga kabureta mahali pake. Tangi lilikuwa na matundu, akatundika dumu la petroli kwenye boneti kwa waya. Betri tuliichomoa kwenye gari la Masanja mwenyewe, naye aliifungua boneti bila kinyongo, kwa kuwa alikuwa na hakika.

Nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo. Likanguruma kidogo, likakata. Mara ya pili, ya tatu. Betri ikaanza kuchoka. Jasho lilinitoka na nilikuwa naomba kimoyomoyo, siwafichi.

"Lisukumeni," fundi akawaambia wale wa skrepa.

"Sisi tumekuja kulibeba," mmoja akasema.

"Likikataa mtalibeba. Kwani kusukuma ni dhambi?"

Wakashuka wakasukuma. Geti lilikuwa wazi, barabara inateremka kidogo. Nikaachia klachi, gari likaruka kama mbuzi, moshi ukatanda Kanyenye nzima, na likawaka. Sauti ile ile ya enzi za Baba. Wapangaji wa nyumba ya pili walitoka nje wote. Mama alisimama kibarazani na kunde mkononi, anatikisa kichwa.

Fundi alisikiliza injini muda mrefu kabla ya kuninong'oneza. "Mtani, nikwambie ukweli. Kulirudisha liwe jipya ni kujitesa, usijaribu. Lakini kulifanya litembee na lisikuue, hiyo ni kazi ya miezi michache, na naiweza." Breki alikuwa ameshazishughulikia siku ile ya Jumatano. Akaweka kibao mahali pa sakafu upande wa abiria, Ndahani akaingia kwa kukunjwa mara tatu, akaweka miguu juu ya kibao, na tukaondoka mwendo wa harusi. Masanja na fundi walitufuata kwa bodaboda moja na dumu la akiba.

Makaburini

Njia nzima Ndahani alikuwa anafanya mazoezi ya matusi. Mengine siwezi kuyaandika kwa kuwa daftari hili litapita kwa mama mchungaji. Alipungia watu mkono. Aliwaambia wauza matunda wasimame wima, mkubwa anapita.

Tulipofika, nilizima injini, nikamsaidia kutoka. Akasimama mbele ya kaburi la Baba, akanyoosha mgolole, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Kisha akasema polepole, "Nimekuja na gari lako. Binti yako ndiye kaniendesha." Na yule mzee akaanza kulia.

Sikuwahi kuona mtani analia. Mama alinisimulia kwamba siku ya msiba Ndahani alitakiwa kuwa mchekeshaji, akalala kwenye kaburi lililo wazi akilalamika kwamba ni dogo, akawachekesha waombolezaji, akaenda zake Usinge na rafiki yake hajamlilia. Alikuwa na kilio cha miaka mitano. Fundi alitazama pembeni. Masanja aliinamisha kichwa.

Lakini pale hapakuwa na mtani wake mwingine zaidi ya mimi na Masanja, na Masanja alishaanza kulia naye. Nikajifuta uso.

"Mgogo," nikamwambia, "kama ni machozi, malizia hapo hapo. Ukinililia ndani ya gari utaniongezea kutu, na nitakudai ng'ombe."

Akanigeukia. Kwanza nilidhani nimekosea. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka na machozi yanamtoka, akanishika mkono akaukaza. "Haya," akasema. "Kabureta ni yako. Nimegombolewa."

Nilimfungulia mlango turudi, akakataa. Alisema hamu yake imekwisha, atapanda bodaboda na Mzaramo. "Mpe kaka yako kiti."

Masanja alisita. Tangu Baba afariki hakuwahi kukaa mle. Aliingia, akafunga mlango mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza haushiki, akaweka miguu yake juu ya kibao. Nikawasha. Tulipita makutano ya kwanza, tukapita sokoni, tukaingia Kanyenye, na lori la skrepa tuliliona kwa mbali bado limesimama getini.

"Waambie waende tu," akasema. "Vyumba nitajenga upande wa choo. Na punguza mwendo, hiki kibao kinacheza."